Gari la Viti Viwili na Mtoto wa Miaka Miwili

Usiku wa Jumanne moja ya Novemba 2023 nilisimama kwenye maegesho ya nyumba yetu hapa Ibra, mtoto begani, funguo mkononi, mlango wa gari uko wazi, nikashindwa kuingia.

Binti yangu alikuwa na miaka miwili. Alilala salama saa tatu, akaamka saa saba na kikohozi kikavu kinachobweka kama mbwa, na kila akivuta pumzi ilisikika sauti ya mkwaruzo kooni. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, kwa hiyo jina la ugonjwa nililijua kabla sijawasha taa. Ni virusi vinavyovimbisha njia ya hewa ya mtoto mdogo. Mara nyingi hutulia kwa dozi moja ya dawa ya steroidi, mradi mtoto asilie sana na afikishwe mapema. Hospitali iko dakika saba kutoka kwetu. Mume wangu alikuwa Sur kazini, na Prado yetu alikuwa nayo yeye. Jirani wa chini alikuwa safari.

Mbele yangu palikuwa na gari zima, lina mafuta tele, linawaka kwa mguso mmoja. Tatizo lake ni moja tu: lina viti viwili. Nyuma ya viti kuna chuma kinachokatiza buti, basi. Kiti cha mtoto hakina pa kufungwa isipokuwa mbele, uso kwa uso na mfuko wa hewa uliotengenezwa kumzuia mtu mzima. Nimeona kazini yanayompata mtoto asiyefungwa vizuri. Nimeyaona mara nyingi mno kuweza kujidanganya kwamba dakika saba si kitu.

Nilifunga mlango, nikampigia shemeji yangu Mudhayrib. Alifika baada ya dakika 25. Nilikaa naye binti yangu barazani kwenye upepo wa baridi, nikimwimbia, nikihesabu pumzi zake, nikimtazama rangi ya midomo. Ingebadilika ningepiga 9999 pale pale. Haikubadilika. Kufikia alfajiri alikuwa amelala hospitalini, amepata dawa, anapumua kimya.

Mimi sikulala. Nilikuwa nalifikiria lile gari. Nimelipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua, na usiku ule lilikuwa limenikataa. Au mimi ndiye niliyelichagua nikijua kwamba iko siku litanikataa.

Siri ya Corolla

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, wasomaji wenzangu, maana najua wengi wenu mna siri ya namna hii.

Nilipata stashahada ya uuguzi Zanzibar, kisha nikaenda India miaka miwili kuchukua shahada, kwa pesa za mkopo wa ukoo mzima. Mwaka 2013 nikapata kazi Oman, kwanza Nizwa. Kwa mwaka mzima wa kwanza mshahara wangu haukuwa wangu. Ada za wadogo zangu, bati la nyumba ya mama, deni la mjomba, mchango wa harusi ya mtu nisiyemkumbuka sura. Sinung'uniki. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi pia nililipiwa na wengine. Lakini mwezi ulikuwa ukiisha mkononi nimebaki na riyali thelathini na kanzu mbili za kazi.

Kwanza nikachukua leseni. Waliopita hapa wanajua mtihani wa mapipa: unarudi nyuma katikati ya mapipa yaliyopangwa, ukigusa moja umekwisha. Halafu kuna mlima, ambapo gari la gia linatakiwa lisimame na kuondoka bila kurudi nyuma. Juu ya hayo nilitoka Zanzibar tunakoendesha kushoto, huku ni kulia. Nilianguka mara mbili. Wenzangu wa Kerala wakaniambia nichukue leseni ya otomatiki, ni rahisi. Nikakataa. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na nyumbani kwetu mtu asiyejua klachi alihesabiwa hajui kuendesha.

Machi 2014, nje ya gereji moja ya Nizwa, nikaiona: Nissan 350Z ya mwaka 2005, rangi ya shaba, gia sita za mkono. Injini ya silinda sita yenye umbo la V, lita 3.5, nguvu za farasi zinazokaribia 280. Mwenyewe alikuwa anaoa, anataka gari la familia. Nilicheka wakati ule. Tukakubaliana riyali 3,200, nusu taslimu, nusu kwa miezi kumi.

Mama akaniuliza kwa simu, "Umenunua gari gani, mwanangu?" Nikajibu, "Corolla, mama." Uongo huo ulidumu miaka minne.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu gari la spoti haliwezi kuelezwa kwa watu unaowapelekea pesa. Corolla ni haja. Gari la viti viwili, injini kubwa, ni kelele inayosema pesa zilikuwepo ila hazikutumwa. Na kusema kweli, viti viwili ndivyo nilivyovipenda. Katika maisha ambayo kila kitu changu kilikuwa na nafasi ya mtu mwingine, nilitaka kitu kimoja kisicho na nafasi. Hakuna aliyeweza kuniambia, "Tupitie na fulani." Ijumaa baada ya zamu ya usiku niliendesha kutoka Nizwa hadi Birkat al-Mawz, nikageuza penye kizuizi cha polisi, kwa kuwa Jebel Akhdar hupandi bila gari la magurudumu manne. Nikarudi taratibu, madirisha wazi, harufu ya mashamba ya mitende na maji ya falaji. Ilikuwa nusu saa yangu ya wiki.

Mama alipofika

Mwaka 2018 nilikuwa nimekwisha kuolewa na kuhamia Ibra, kwa watu wa mume wangu. Nyumbani kwao wazee wanazungumza Kiswahili hata mbele ya wageni wa Kiarabu, kwani nao walizaliwa Unguja wakarudi Oman miaka ya sabini. Mama akaja kututembelea. Mume wangu alipata dharura ya kazi siku ile ile, kwa hiyo uwanja wa ndege wa Maskati nilikwenda mimi, na Z.

Mama alilitazama gari, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Hii ndiyo Corolla?"

"Nisamehe, mama."

"Mie nimeuliza tu. Mlango uko wapi?"

Kuingia aliingia, kwa kujiachia mpaka chini kama mtu anayekaa kwenye mkeka. Sanduku lake kubwa lilikataa kuingia kwenye buti kwa sababu ya kile chuma, tukalifungua pale pale maegeshoni na kupanga nguo, dagaa na mikoba ya karafuu kimoja kimoja pembeni. Saa mbili za njia hakusema kitu kuhusu gari. Tulipofika Ibra magoti yake yaliyoanza kuchoka yakakataa kumuinua. Mimi nikavuta mikono, mamkwe wangu akaja kuvuta nami, na mama akaishia kucheka mpaka akashindwa kabisa kusimama.

Usiku, tukinywa kahawa, ndipo akasema: "Baba yako angeliona hilo gari asingelala."

Baba alikuwa kijana wa gereji Mombasa miaka ya sabini. Redio ilikuwa haizimwi wakati wa Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akiwa na Lofty Drews kiti cha pembeni. Mara zote mbili gari lilikuwa moja: Datsun 240Z. Mwaka ule wa 1973 Mehta alilingana alama na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun nyingine, na ushindi ukaamuliwa kwa nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa alama ya kwanza. Baba aliisimulia hadithi hiyo kama vile yeye ndiye aliyefunga zile tairi. Gari lile ni babu wa gari langu, ukoo wa Z ulioanza mwaka 1969. Baba alifariki kabla sijaja Oman. Mimi sikununua Z kwa ajili yake, au nilidhani hivyo, mpaka mama alipotamka.

Baada ya hapo gari likawa halali. Likawa pia gumu zaidi kuliacha.

Njia ya Ibra na Sur

Kazi ya mume wangu iko Sur. Kutoka Ibra unapita Bidiyah kandokando ya mchanga, kisha al-Kamil, unafika pwani. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikimfuata mwisho wa wiki, mara nyingi usiku baada ya zamu, kwa sababu usiku kuna baridi na njia ni tupu. Z ilipenda njia ile. Ni gari zito, kama tani moja na nusu, linalala barabarani kama jahazi lililosheheni. Klachi yake ngumu, mguu wa kushoto unaijua. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu mwili unasukumwa nyuma na unasikia sauti nzito ya silinda sita, na uchovu wa saa kumi na mbili za wodini unabaki kilomita kadhaa huko ulikotoka.

Lakini njia ile ina ngamia. Ngamia mzima ana uzito wa nusu tani hivi, na uzito wote huo umebebwa juu ya miguu mirefu. Gari dogo likimgonga, bampa na boneti vinakata miguu, na mwili unaangukia kioo cha mbele na paa, penye vichwa vya waliokaa mbele. Kadiri gari lilivyo chini, ndivyo kitu cha kumzuia kinavyopungua. Ndiyo maana tukipokea majeruhi wa ngamia kitu cha kwanza tunachokilinda ni shingo. Nayasema haya bila kumsema mgonjwa yeyote. Kila muuguzi wa Sharqiyah anayajua.

Mapema mwaka 2023, karibu na Bidiyah, taa zangu ziliangaza miguu minne. Miguu tu. Mwili ulikuwa juu ya mwanga, rangi moja na giza. Breki zilishika, gari likasimama likiwa limekaa upande, na ngamia akavuka bila hata kugeuza shingo. Nilikaa pale, mikono inatetemeka kwenye usukani, nikifikiria kiti cha mtoto kilichokuwa nyumbani bila gari la kukifunga.

Hata hivyo sikuliuza. Nilijiambia nitaacha kusafiri usiku, na kweli niliacha. Ilibidi uje ule usiku wa Novemba.

Ushauri wa kila mtu

Nilipotangaza kwamba Z inauzwa, ukoo mzima ulipumua. Mume wangu: "Chukua Corolla, tumalize." Mamkwe: "Chukua gari la juu, mwanangu, watoto wataongezeka." Mama kwa simu: "Si ulisema unayo Corolla?" Hilo hatanisamehe mpaka kiama.

Wote walikuwa na hoja. Lakini nilipoweka mahesabu mezani, niliona kitu. Prado ipo, na safari za watu wengi, za mizigo na za usiku ni zake. Gari langu mimi linanipeleka kazini, linampeleka mtoto kwa bibi yake, na linatakiwa liwe tayari siku ya dharura mume akiwa mbali. Kwa kazi hizo kilichopungua ni kiti cha nyuma tu. Furaha yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba niliinunua ikiwa haina nafasi ya mtu.

Nikaanza kutafuta gari la spoti lenye viti vinne, dogo, la gia za mkono, ambalo spea zake zinapatikana bila kusubiri meli. Jibu lilikuwa moja: Toyota 86. Lilitoka mwaka 2012, limetengenezwa kwa ushirikiano wa Toyota na Subaru. Injini ni ya Subaru, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia mbili kushoto, lita 2.0, nguvu za farasi kama 200. Nyuma kuna viti viwili ambavyo mtu mzima atavilaani, lakini mtoto atavisifu.

Nikapata moja Nizwa, ya mwaka 2017, nyeupe, kilomita 92,000. Nawapa niliyoyakagua, huenda yakamfaa mtu:

Kwanza niliuliza kama ni gari la Khaliji au limeletwa kutoka nje. Magari ya spoti mengi sokoni huku yalipata ajali Marekani, yakanunuliwa kwa bei ya chuma chakavu, yakanyooshwa na kupakwa rangi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Ghuba lina mfumo wa kupoza unaolingana na joto letu, na hapa kipimajoto kinapita 45 wakati wa kiangazi.

Pili, umri wa tairi. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado imepikwa na jua. Hizi zilikuwa zimepikwa, nikapunguziwa bei.

Tatu, mulkiya na faini za rada. Usimpe mtu pesa kabla hujajua gari halina deni.

Nne, na hili ndilo lililomshangaza muuzaji: kabla ya kuuliza bei nilitoa kiti cha mtoto kwenye Prado nikakifunga nyuma ya 86. Kiliingia. Kiti cha mbele kikabidi kisogezwe hadi goti la abiria linakaribia dashibodi. Binti yangu akapanda, akafungwa mkanda, akauliza, "Gari letu?" Mume wangu akanitazama, akajua mjadala wa Corolla umekwisha.

Tulikubaliana riyali 5,400.

Kuagana

Z ilinunuliwa Februari 2024 na kijana mmoja wa Sur, mwanafunzi, aliyekuja na mama yake ndani ya buibui. Kijana alizunguka gari akipiga picha. Mama aliniuliza kwa Kiarabu kama injini inakula oili. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha wodini kwamba inakula kidogo, kwa umri wake. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili safi, "We mtoto wa wapi?" Tukaongea nusu saa. Bei ilikuwa 1,900, ikashuka hadi 1,800 kwa ajili ya Kiswahili.

Nilimwambia kijana mambo matatu. Asiendeshe ile njia usiku. Abadilishe mipira ya breki kabla ya kununua rimu mpya. Na siku akipata mtoto asisubiri homa. Alicheka la tatu, kama nilivyocheka mimi mbele ya muuzaji wangu miaka kumi nyuma.

Alipoondoka nilisikia ile sauti nzito ikipanda gia ya pili, ya tatu, ikapotea upande wa barabara kuu. Nililia, ndiyo. Mume wangu hakusema kitu, na hilo ni moja kati ya mambo niliyomwolea. Sikulia chuma. Nililia yule msichana wa Nizwa mwenye riyali thelathini mfukoni, na fundi wa Mombasa aliyekuwa akisikiliza redio.

Tofauti ninayoihisi

Miezi miwili ya kwanza nililinganisha kila kitu, na 86 ikawa inashindwa. Nguvu ilipungua. Ile kusukumwa mgongo kwenye gia ya tatu haipo. Hapa lazima uipandishe injini juu ndipo ikupe, na ukichelewa kubadilisha gia kwenye kilima inakulilia kama mbuzi wa soko la Ijumaa Nizwa. Sauti yake haina uzito.

Halafu siku moja nikiwa kwenye kona za njia ya milimani nikaielewa. Ni nyepesi, tani moja na robo hivi, na injini yake imekaa chini. Z ilikuwa jahazi, hii ni ngalawa. Hutegemei upepo mkubwa, unacheza na kila wimbi. Kona niliyokuwa naipita kwa kuishika Z kwa nguvu, hii naipita kwa vidole. Kwa mwendo ule ule ulio halali napata raha zaidi, na kwa muuguzi anayejua mwendo unaishia wapi, hilo si jambo dogo.

Mfuko nao umefarijika. Tangi la Z lilikuwa la lita 80, na mwaka 2024 petroli ya 95 ilikuwa imesimama kwenye baisa 239 kwa lita, kwa hiyo kujaza ilikuwa kama riyali 19. Tangi la 86 ni lita 50, riyali 12 hivi, na bado nakwenda Maskati na kurudi. Tofauti ya kila mwezi naiweka pembeni kwa jina la mama. Yeye hajui kama inatoka kwenye petroli.

Kitu kimoja sijakipata, na sitawadanganya tena kama nilivyodanganya kuhusu Corolla: usalama wa ngamia. 86 iko chini vile vile. Ngamia hatajali kama nyuma kuna kiti cha mtoto. Gari jipya halikunitibu hilo. Kilichonitibu ni kutosafiri usiku, na usiku ukinilazimu, natumia Prado na mwendo wa chini. Wengi wetu tunabadilisha gari tukidhani tumebadilisha tabia.

Na kwa wale mnaojiuliza, je, baba angesemaje kuona binti yake ameihama Z? Nadhani angenikumbusha kwamba Toyota Celica iliichukua Safari mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kisha angefungua boneti aone zile silinda zilizolala.

Ijumaa ya kwanza

Safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa Ijumaa asubuhi, mimi na binti yangu peke yetu, Ibra hadi Sur kumfuata baba yake. Tulipita Bidiyah jua limepanda, ngamia wanaonekana kutoka mbali, nikampungia kila mmoja kwa heshima. Nyuma kulikuwa na maswali mfululizo, wimbo mmoja mara arobaini, na biskuti iliyosagwa kwenye kitambaa cha kiti ambacho muuzaji alikitunza miaka saba. Ile nusu saa yangu ya kimya imekwisha, kwa sasa. Nimeikosa, na siku nyingine naikosa sana.

Sur tulisimama kumwonyesha Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililoundwa pale pale mwaka 1951, siku ambazo vyombo vya Sur vilikuwa vikishuka na kaskazi hadi kwetu Unguja na Lamu. Nikamwambia, "Mabibi na mababu walipanda hili." Akalitazama kwa makini. "Lina viti vingapi?" Sikuwa na jibu.

Tukampigia mama simu ya video. Alitaka kuonyeshwa gari lote: usukani, dashibodi, buti. Kisha akasema, "Hebu nionyeshe nyuma." Nikageuza simu. Binti yangu amefungwa mkanda, biskuti usoni, anampungia bibi yake.

Mama akanyamaza kidogo. "Na mie nikija nakaa wapi?"

"Prado, mama. Hili nalo liko chini."

"Nilijua tu," akasema.

Anakuja Disemba, inshallah. Sanduku lake litakwenda na Prado, na yeye mwenyewe atakaa juu huko, magoti yake yakipumzika. Mimi na binti yangu tutatangulia mbele yao kwa mwendo wa halali, gia ya sita, na tutaondoka uwanja wa ndege mapema ili tufike Ibra kabla jua halijazama.